Ramani ya Darasa la Nne

Dumila, nilikozaliwa, hakuna anayejali nani alifika kwanza. Pale ni njia panda. Watu walishuka kwenye mabasi, wakapanga nyanya na vitunguu kando ya barabara, wakaona biashara inakwenda, wakabaki. Mama yangu mwenyewe alikuja kumsalimia dada yake akiwa msichana na hakurudi tena kwao. Kwa hiyo nilipoajiriwa ualimu nikapangiwa shule ya msingi huko juu Uluguru, unakofika kwa kushuka Mkuyuni, kupanda bodaboda mpaka njia inapomshinda dereva, halafu kutembea, sikuwa na habari kwamba swali la nani alifika kwanza linaweza kumfanya mtu mzima aache kukuitikia salamu.

Nilipewa darasa la nne. Somo lenyewe limebadilishwa jina mara kadhaa tangu nilipokuwa mwanafunzi, lakini ofisini kwetu tuliendelea kuliita maarifa ya jamii. Mada ilikuwa ramani ya mazingira yetu na historia ya mahali tunapoishi. Kitabuni mlikuwa na ramani ya kijiji cha kufikirika: barabara imenyooka, mto umetulia, zahanati, shule yenye bendera. Watoto waliitazama kimya. Kisha msichana mmoja aliyekaa dirishani, mwembamba, mwenye tabia ya kutafuna ukosi wa sweta, akauliza, “Mwalimu, hawa hawana mlima?”

Darasa lilicheka. Nami nilicheka. Nikawaambia tuweke kitabu pembeni, tuchore ya kwetu.

Niliunganisha karatasi za manila kwa gundi ya unga wa muhogo, nikazibandika ukuta wa nyuma. Kila mtoto alipewa nafasi ya kuchora anachokijua. Mtoto wa mwenye mashine ya kusaga alichora mashine kubwa kuliko msikiti. Wengine walichora kijito, njia za miguu, migomba, mikarafuu, duka, ngazi za udongo za kupandia shuleni. Siku zile nilikuwa na furaha. Hata wale ambao kwa kawaida huwezi kuwatoa neno walikuwa wanagombea penseli za rangi.

Upande wa juu wa kijito mtu fulani alichora vichuguu vidogo chini ya miti. Nilipouliza ni nini, aliyechora akasema ni makaburi ya kwao.

“Si ya kwenu,” mwenzake akamkatiza. “Ni ya kwetu.”

Nikasema basi, tuendelee. Jioni ile nikawapa kazi ya nyumbani: wakaulize wazee wao kitongoji kilianzaje, watu wa kwanza walitoka wapi, na jina lake lina maana gani. Ni kazi ambayo kiongozi cha mwalimu kinaielekeza. Mwalimu yeyote angeitoa.

Kesho yake niliposema anayeanza ainue mkono, hakuna aliyeinua. Nilidhani wamesahau. Nikamwita mvulana mmoja kwa utani, akasimama, akatazama sakafu. Nikamwita mwingine. Yule msichana wa dirishani ndiye aliyenionea huruma.

“Mwalimu, nyumbani wamesema tusiseme.”

“Tusiseme nini?”

“Hilo ulilouliza.”

Alikaa, akaingiza ukosi mdomoni. Nilitazama darasa zima likiwa limeinamisha vichwa. Nikawaambia wafungue kitabu.

Baada ya hapo mambo yalianza kubadilika kidogo kidogo, kiasi kwamba mwanzoni nilijiambia ni mawazo yangu. Nilikwenda bombani asubuhi, wanawake wakanyamaza. Walinipisha foleni niteke mbele yao, jambo ambalo lingekuwa heshima kama wangekuwa wananitazama usoni. Dukani, muuza duka alinipimia sukari, akaifunga polepole, akasema bila kuinua macho, “Madam, ile ramani ni ya serikali?”

“Ya watoto. Ya darasani tu.”

“Aa. Na makaburi?”

“Walichora wenyewe.”

“Aa,” akasema tena, akanipa sukari yangu.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane, mkulima wa iliki na mdalasini, ambaye tangu siku ya kwanza aliniita mwanangu. Jioni ile alikuja kukaa karibu na jiko langu la mkaa, akawa anapepea moto ambao haukuhitaji kupepewa.

“Mwanangu, wanasema unatafuta mali aliyoifukia Mjerumani.”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba miaka ya nyuma walikuja watu kutoka mjini na mashine ya kupima ardhi, wakasema ni wataalamu wa maji. Walionekana makaburini wakichimba. Tangu hapo kila mgeni mwenye karatasi anatazamwa. Sasa inasemwa kwamba mwalimu wa darasa la nne ametumwa kuchoresha makaburi kwa mikono ya watoto, kwa sababu mtoto hawezi kudanganya, na kwamba mali ile haitoki ardhini bila damu.

“Damu ya nani?” niliuliza, ingawa nilishajua.

Akaweka upepeo chini. Alisema tu nisirudi kutoka shuleni peke yangu jioni, na nifunge mlango kwa komeo la juu na la chini.

Sote tulikua tukisikia habari za mumiani, wanaotafuta damu ya watu. Tulipokuwa wadogo zilikuwa za kutufanya turudi nyumbani mapema. Lakini nilikuwa mtu mzima tayari niliposikia za mgeni aliyepigwa kwenye kijiji kimoja cha mbali kwa sababu alionekana akipiga picha watoto, na aliyenisimulia alikuwa ameiona pikipiki yake ikiwaka moto. Usiku ule maneno hayo hayakuwa tena hadithi. Nilisikia kila jani la mgomba lililogusa bati.

Asubuhi nilimweleza mwalimu mkuu. Alikuwa mtu wa Mwembesongo, mjini, amebakiza muda mfupi astaafu, mpole, mwenye kutembea na mwavuli hata jua likiwa kali. Tulikwenda pamoja kuitazama ile ramani. Alisimama mbele yake kwa muda mrefu, mikono nyuma.

“Niibandue, mkuu?”

“Tukiibandua leo watasema tumeificha. Tukiiacha watasema tunaitumia.” Akavuta pumzi. “Iache. Nitazungumza na mwenyekiti wa kitongoji Ijumaa, baada ya swala, watu wakiwa wamekusanyika. Tuwaalike wazazi waje waione wenyewe.”

Lilikuwa wazo zuri. Lakini Ijumaa ilituchelewea.

Mvua ilinyesha kuamkia Alhamisi, nzito, ikakatika asubuhi. Watoto wengi walichelewa, kama ilivyo kawaida njia zikiteleza. Nilipoita mahudhurio, kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Sikulifikiria sana. Tulisoma hesabu, tukasoma Kiswahili. Karibu na wakati wa uji nikaona mwanamke amesimama mlangoni, kanga imelowa mpaka magotini. Alikuwa mama wa yule msichana.

“Shikamoo mwalimu, nimemletea sweta. Ameliacha.”

Ninakumbuka alinipa shikamoo ingawa tulikuwa karibu sawa kwa umri. Ndivyo wazazi wengi pale walivyomwamkia mwalimu. Nilimwambia mtoto hakuja. Alitabasamu, kana kwamba sikumwelewa.

“Ametoka alfajiri. Alisema mwalimu amemtuma.”

“Sijamtuma popote, mama.”

Tabasamu lilibaki usoni kidogo, kama taa inayochelewa kuzimika. Kisha akatazama ukuta wa nyuma, mle ndani, juu ya vichwa vya watoto. Aliiona ramani. Sweta lilimdondoka. Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka uwanjani, na hapo akapiga yowe.

Nimesikia mayowe ya misiba. Lile lilikuwa tofauti. Lilipigwa kwa vituo, lenye kuita, na kabla halijaisha lilikuwa limeshaitikiwa na mwanamke mwingine ng’ambo ya kijito, halafu mwingine juu zaidi. Mlima wote ulikuwa unapokezana. Watoto wangu waliijua maana yake kuliko mimi. Walisogeleana.

Mwalimu mkuu alikuja akikimbia, mara ya kwanza kumwona akikimbia. Alinishika mkono, akaniingiza ofisini, akanisukumia chumba kidogo cha nyuma tunamoweka vitabu na magunia ya mahindi ya uji. “Usitoke mpaka nikuite mimi,” akasema. “Mimi. Si mtu mwingine.” Akafunga kwa nje. Nikasikia akimwagiza mwalimu mwenzetu apande kule kwenye mwamba, ambako simu hupata mtandao, ampigie mtendaji wa kijiji na polisi wa Mkuyuni.

Ukuta wa chumba kile una matofali ya matundu kwa juu. Nilipanda juu ya gunia nikachungulia. Walikuwa wanakuja kutoka pande zote, wanaume kwa wanawake, wengine wametoka shamba moja kwa moja, panga na mundu mkononi. Niliwafahamu. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Yule aliyeniletea shokishoki mwezi uliopita. Yule ambaye mtoto wake nilimfundisha kusoma baada ya saa za kazi. Laiti wangekuwa watu nisiowajua, ningeweza kujiambia kwamba wale ni wabaya.

Aliyetangulia alikuwa mjomba wa yule msichana, kaka wa mama yake. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, kwa sababu mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama. Alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, msemaji wa chini chini. Wengine walikuwa wanapiga kelele. Yeye hakupiga.

“Mwalimu mkuu, shikamoo. Tunamtaka madam. Na tunaitaka karatasi.”

“Ndugu zangu, tumtafute mtoto kwanza. Polisi wanakuja.”

“Polisi watamchukua washuke naye Mkuyuni, nasi tutabaki na nini? Mtoe.”

Jiwe lilipiga bati juu yangu. Nilichuchumaa kati ya magunia. Sijawahi kuogopa namna ile, wala sikujua kwamba hofu ina harufu. Ilikuwa ya mahindi, ya vumbi la vitabu, na ya jasho langu mwenyewe ambalo sikulitambua. Nilijaribu kusoma Ayatul Kursi, aya niliyoisoma kila siku tangu utotoni, nikasahau katikati. Nilianza tena, nikasahau palepale. Jiwe la pili. Halafu nikasikia mwavuli ukivunjika na mwalimu mkuu akisema “aa” kwa mshangao, sauti ya mzee aliyesukumwa.

Nikagonga mlango kwa ndani. “Nifungulieni!” Nikagonga tena kwa ngumi zote mbili. “Nifungulieni, natoka!”

Si ushujaa. Nilikuwa siwezi tena kukaa mle ndani nikisubiri. Mtu akafungua komeo.

Nuru ilinichoma macho. Mwalimu mkuu alikuwa amekaa chini kwenye baraza, miwani mkononi, damu kidogo kwenye paji la uso. Mbele yangu ukuta wa watu. Nilifungua mdomo nieleze, nijitetee, na lililotoka ni lile nililofundishwa kulitoa kila ninapowakuta wakubwa.

“Shikamooni.”

Mzee mmoja mwenye panga, nyuma, akasema, “Marahaba.” Mwanamke mmoja naye akasema marahaba, halafu akajiziba mdomo kwa kanga. Wengine wawili watatu waliitika kwa kunung’unika, kwa mazoea tu. Mjomba hakuitika. Lakini nilimwona akitazama kando.

“Mtoto yuko wapi?” akaniuliza.

“Sijui, baba.”

“Ulimtuma wapi?”

“Niliwatuma wote wakaulize nyumbani kwao. Siku nyingi zimepita. Leo sikumtuma.”

“Uliwatuma wakaulize nini?”

“Nani alifika hapa kwanza.”

Niliona maneno yale yakipita katikati ya watu. Hawakugutuka kwa pamoja. Upande mmoja wa uwanja ulitazama upande wa pili, na upande wa pili ukatazama chini. Wakati ule sikuelewa. Niliona tu kwamba kati ya wale watu kulikuwa na nafasi, njia nyembamba tupu, na hakuna aliyesimama ndani yake.

“Na makaburi?” akauliza.

“Walichora watoto.”

“Twende basi,” akasema. “Twende huko huko makaburini kwenye ramani yako. Wewe utatangulia.”

Mwalimu mkuu alijaribu kuinuka, wakamzuia. Nikaanza kutembea. Mama mwenye nyumba wangu alipenya kutoka kwenye umati, akaushika mkono wangu bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Kiganja chake kilikuwa kinanukia mdalasini. “Usigeuke nyuma,” aliniambia. “Na usikimbie, hata ukiteleza.”

Njia ya kupanda makaburini inapita kati ya migomba, halafu inabana kwenye ukingo, udongo mwekundu, upande mmoja korongo. Mvua ilikuwa imeigeuza sabuni. Nilikuwa nasikia pumzi zao nyuma yangu na panga likigusa majani, tsh, tsh, kama mtu anayesafisha njia, na huenda ndiyo kazi yenyewe iliyokuwa ikifanyika. Kila mara lilipogusa niliinua mabega. Nilifikiria mama yangu Dumila akipanga mafungu ya nyanya, na kwamba simu itamkuta hapo, na nani atampigia, na atasema nini. Nilifikiria mtoto. Kama angekuwa ameteleza korongoni, kama maji yangekuwa yamemchukua, basi hakuna neno duniani ambalo lingeniokoa, na pengine ningekuwa sitaki kuokolewa.

Dada mtu, mama wa msichana, alikuwa nyuma yangu kidogo. Hakulia tena. Alikuwa anaita jina la mwanawe kila baada ya muda, kwa sauti ya kawaida, kama anamwita aje kula.

Tulipofika kijitoni, maji yalikuwa bado ya kahawia, yamejaa matawi. Mjomba akasimama. Nadhani na yeye alikuwa akiogopa kile nilichokuwa nikikiogopa. Alitazama yale maji kwa muda, panga limening’inia, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyepotelewa.

Mama wa mtoto akaita tena.

Kutoka ng’ambo, juu kidogo, ikajibu sauti nyembamba. “Abee!”

Wote tuliinua macho. Kwenye kona ya njia alitokea yule msichana, amelowa, ameshika fimbo kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine amemshika bibi kizee aliyekuwa akishuka kwa kukaa na kuinuka, kukaa na kuinuka, mguu wake mmoja haukunjiki. Alikuwa bibi yake, mama wa mama yake, ambaye anaishi kitongoji cha juu kabisa. Mtoto alikuwa amekwenda kwake alfajiri kumwuliza lile swali la darasani. Walikuwa wamekwama ng’ambo wakisubiri maji yapungue.

Mama yake aliingia majini na nguo zake. Mimi niliketi palepale kwenye tope. Mama mwenye nyumba aliketi pembeni yangu, akaanza kutetemeka yeye, ambaye njia nzima hakutetemeka.

Bibi alivushwa mgongoni na mwanawe, yule mjomba. Alipotuliwa chini alitazama watu, akatazama mapanga, akauliza, “Kuna nguruwe?”

Mtu mmoja akaficha panga nyuma ya mgongo.

“Nawauliza, mnawinda nguruwe?”

“Tulikuwa tunamtafuta mtoto, mama,” akasema mjomba.

“Kwa mapanga. Mtoto anatafutwa kwa mapanga.” Akanigeukia. “Na huyu anayekaa kwenye matope?”

“Ndiye mwalimu, bibi,” mjukuu akasema.

Nilijaribu kusimama, nikashindwa, nikampa shikamoo nikiwa chini. Aliitika. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo.

“Mimi nimeshuka kwa ajili yako. Nimekuja kukukataza.”

Tulirudi shuleni kwa mwendo wa mguu wake, polepole mno. Watu walipungua njiani mmoja mmoja, wakiingia mashambani mwao bila kuaga. Darasani waliobaki walikuwa watoto wangu wachache waliokataa kwenda nyumbani, na mwalimu mkuu, kitambaa kichwani. Bibi aliomba kiti mbele ya ramani. Macho yake hayakuwa mazuri. Mjukuu alimwonyesha kwa kidole, hapa duka, hapa mashine, hapa kwetu. Alitingisha kichwa kwa kila kimoja. Alipoonyeshwa vichuguu chini ya miti alifumba macho.

Alitueleza kwa ufupi, na aliyasema mbele ya mwanawe ili naye asikie. Koo mbili zinadai makaburi yale ya zamani. Aliyezikwa pale kwanza ndiye mwenye ardhi ya kutoka kijitoni kwenda juu, karafuu na vyote. Bibi alipokuwa msichana, watu walikaa chini kuamua nani alifika kwanza, na walipoinuka kaka yake hakuinuka nao. Mwingine wa upande wa pili alikufa wiki hiyo hiyo. Baada ya kuzika, wanawake wa pande zote mbili walikutana, wakakubaliana kwa kiapo kwamba swali lile lisiulizwe tena. Kila mtu alime alipokuwa akilima. Na ndivyo ilivyo mpaka leo.

“Watoto wakaanza kuuliza tena,” alisema. “Nyumba hii na nyumba ile, siku moja. Watu wakaogopa. Hawawezi kusema wanachoogopa, kwa sababu walikula kiapo wasiseme. Basi wakasema Mjerumani.”

Mwanawe alisimama mlangoni, hakuingia. Sijui kama yeye alikuwa anaijua habari ile yote au alikuwa akiisikia mwisho wake kwa mara ya kwanza.

“Niibandue, bibi?” nikamwuliza.

“Watoto wamechora vizuri. Toa hapo tu.”

Mwalimu mkuu alileta wembe. Mkono wangu haukuweza, akakata yeye, akafuata mstari wa miti, akampa bibi kile kipande. Alikikunja akakiweka kwenye pindo la kanga kiunoni.

Polisi walifika alasiri. Mwalimu mkuu aliwaambia mtoto alipotea na amepatikana, na kwamba yeye ameteleza kwenye ngazi. Nilimwuliza baadaye kwa nini. Akasema, “Wewe utahama siku moja. Hawa watoto hawahami.”

Nilipewa ruhusa, nikashuka Dumila. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nisirudi, tutatafuta mtu wa kutusaidia uhamisho. Kwa siku kadhaa nilikubaliana naye. Nilikuwa siwezi kusikia mtu akikata mua barabarani bila kuinua mabega. Lakini ruhusa ilipoisha nilipanda basi. Sina maelezo mazuri. Watoto walikuwa na mtihani wa darasa la nne, na hakukuwa na mwalimu mwingine wa somo lile.

Bado ninafundisha historia ya mahali tunapoishi. Ninauliza jina la mti huu ni nini, daraja lilijengwa lini, bibi zenu walivaa nini, karafuu zilianza kuuzwa vipi. Kabla ya kutoa kazi ya nyumbani ninamwonyesha kwanza mama mwenye nyumba, naye hufikiri, na mara nyingine husema, “Hilo, hapana.” Ninalifuta. Hofu haijaisha. Nikiita mahudhurio na jina moja lisiitikiwe, siwezi kuendelea na somo mpaka nimtume mtu akaulize nyumbani kwao kuna nini.

Yule mjomba hakuwahi kuniomba radhi, wala sikuwahi kumdai. Tulipishana njiani miezi mingi bila neno. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata alikuja kuandikisha mtoto wa darasa la kwanza, binti mdogo wa dada yake, akanikuta peke yangu ofisini. Alisimama nje ya mlango akasubiri niseme karibu. Nikasema. Akatoa cheti cha kuzaliwa cha mtoto, akakiweka mezani, akasema ana akili huyu, ila anaogopa mvua. Nikachukua kalamu. Niliharibu herufi ya kwanza, nikaikata, nikaanza upya, naye akageuka kutazama nje dirishani, akaendelea kutazama huko mpaka nilipomaliza kuandika.